Mji na Maktaba Yake: Nani Amlipe Mkutubi?

Jioni moja mwaka jana nilinunua bajia kwa mama mmoja anayekaanga kandokando ya usita mmoja, yaani njia ya mtaani, huko Langoni, hapa Lamu, na nilipozimaliza nikaona kwamba karatasi aliyonifungia ilikuwa na muhuri. Ulikuwa muhuri wa duara, wino wake wa buluu umetapakaa kwa mafuta, na katikati yake lilisomeka neno MAKTABA. Ukurasa wenyewe ulitoka katika kitabu cha Kiingereza cha kumfundisha mtu namna ya kujaza fomu za kodi ya mapato za Marekani. Niliutambua muhuri ule mara moja, kwa sababu aliyeupiga ni mimi.

Zaidi ya miaka 10 iliyopita, wahisani kutoka ng'ambo walikodi vyumba viwili vya chini katika nyumba ya mawe mtaani kwetu, wakavipaka chokaa, wakaweka meza na rafu, kisha wakatuomba vijana wanne tuwasaidie kazi. Vitabu vilifika Mokowe kwa lori, vikavushwa kwa mashua hadi gatini, na kutoka gatini vikabebwa na punda, katoni moja kila ubavu. Punda mmoja alikwama penye kona kwa sababu katoni zilikuwa pana kuliko njia. Ikabidi tuzifungue palepale na kuvipitisha vitabu mkono kwa mkono mpaka mlangoni, na watoto waliokuwa wakitoka chuoni, misahafu yao kwapani, wakajipanga katika ule mstari bila ya kuambiwa na mtu. Siku ile niliamini kwamba mji umepata maktaba. Wiki tatu zilizofuata kazi yangu ilikuwa kupiga mihuri, na hata vile vitabu vya kodi za Marekani nilivipiga kwa heshima ileile niliyoipa kamusi.

Kodi ya nyumba ililipwa miaka 3. Mwaka wa nne ikaja barua iliyoandikwa kwa adabu nyingi, ikitushukuru kwa ushirikiano wetu na kutuarifu kwamba mradi umekamilika. Nimelitafakari sana neno hilo. Kisima huchimbwa kikakamilika, na gati hujengwa likakamilika, lakini maktaba inakamilika vipi? Mwenye nyumba aliisubiri kodi miezi miwili, kisha akatia kufuli lake, nami simlaumu, maana naye ana watoto wa kusomesha. Masika mawili yakapita juu ya dari lile la boriti. Mchwa walianza na rafu za chini, ukungu ukashughulika na za juu, na vilivyosalimika viliuzwa kwa kilo. Nadhani vingine bado vinafungiwa bajia.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza kama mji unapaswa kuendesha maktaba yake wenyewe. Siulizi kama mji uwe na maktaba, kwani kwa hilo sijapata kukutana na mtu anayepinga. Kila mgombea atakuahidi maktaba kama anavyokuahidi maji. Naulizia kuendesha: ni nani alipaye umeme wa mwezi huu, ni nani amwajiriye mkutubi na kumpa likizo, na ni nani anayeweza kusimamishwa njiani akitoka msikitini akaulizwa mbona mlango ulikuwa umefungwa Jumanne. Yule mhisani wetu hakuna aliyeweza kumsimamisha njiani. Alikuwa mtu mwema, lakini alikaa umbali wa saa nyingi za ndege, na hata tulipomwandikia tulimwandikia kama waombaji.

Nilipomweleza ami yangu kwamba naiona manispaa ndiyo inayopaswa kubeba jambo hili, alicheka mpaka kofia ikamteleza. Ami alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu astaafu hukaa barazani Mkomani kila alasiri, akiuangalia mji unavyopita mbele yake. "Mwanangu," akaniambia, "mui hauwezi mavi ya punda, utaweza zitabu?" Mui, kwa Kiamu chetu, ni mji.

Hoja yake si ya kupuuzwa, na nimeona watu wengi wanaotetea maktaba za umma wakiiruka kana kwamba haipo. Kaunti ya Lamu ni ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 tu, na mapato yanayokusanywa hapahapa ni kidogo mno yakilinganishwa na ya kaunti kubwa. Sehemu iliyo kubwa ya bajeti hutoka Nairobi, na mgao wa Nairobi una tabia ya kuchelewa, na ukichelewa mishahara nayo huchelewa. Katika hali kama hiyo, mtu mwenye kalamu ya kukata hutafuta kitu ambacho kukatwa kwake hakutaleta kelele. Taka zikikaa wiki mbili bila ya kuzolewa zitanuka, na watu watakwenda ofisini wakiwa wameziba pua. Dawa zikikosekana hospitalini, kuna mgonjwa na kuna jamaa zake. Maktaba ikifungwa haitoi harufu yoyote. Mwanafunzi anakuta mlango umefungwa, anarudi nyumbani, na siku ya tatu haji tena.

Hata miji yenye fedha kutushinda imefanya hivyo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1964 inayozilazimisha halmashauri kutoa huduma ya maktaba, na bado mamia ya maktaba yalifungwa baada ya bajeti kubanwa kuanzia 2010. Katika jimbo la Oregon, Marekani, Kaunti ya Jackson ilikuwa ikitegemea fedha za serikali kuu zilizohusiana na misitu ya eneo hilo. Fedha hizo zilipokatika, matawi yake yote 15 yalifungwa kwa pamoja mwezi wa Aprili 2007. Yalipofunguliwa tena mwezi wa Oktoba, yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi iliyopewa kandarasi, na saa za kufungua zilikuwa zimepunguzwa. Ami angelipenda sana mfano huo, nami nilimpa mwenyewe, maana sikutaka aupate kwa mtu mwingine.

Lakini nilimwomba aisikilize habari mpaka mwisho. Mwaka 2014 wapigakura wa kaunti ileile walikubali kuunda wilaya maalumu ya maktaba yenye kodi yake yenyewe, ili fedha za vitabu zisiwe tena zinashindana na fedha za polisi na barabara kila mwaka. Huko California nako, mji wa Santa Clarita ulijitoa katika mtandao wa maktaba za Kaunti ya Los Angeles mwaka 2011, ukaikabidhi kazi kampuni hiyohiyo, na mwaka 2018 ukaamua kuajiri wafanyakazi wake na kuziendesha maktaba zake wenyewe. Sidai kwamba Oregon ni Lamu. Ninachokiona ni kwamba watu hao walizunguka njia ndefu, wakapitia kwa mfadhili wa mbali na kwa mkandarasi, na mwisho wakafika pale ambapo ami anasema hapafikiki: mji kuubeba mzigo wake.

Tuseme basi mji usiubebe. Utabebwa na nani?

Wengi hapa watajibu: Ngome ya Lamu. Mimi pia ni mtoto wa Ngome kwa maana hiyo. Jengo lile lilikamilika mwaka 1821, likawa gereza hadi 1984, kisha likaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, na kati ya mambo yaliyowekwa ndani yake ilikuwamo maktaba. Nilijiandalia mtihani wa kidato cha nne ndani ya kuta zile nene, nikisikia kwa chini kete za bao zikidondoka uwanjani Mkunguni na wazee wakibishana. Mambo niliyoyasoma humo mengine ninayo hadi leo. Hata hivyo, makumbusho na maktaba ni ndugu wenye tabia tofauti. Makumbusho hufurahi kitu kinapokaa miaka 100 bila ya kuguswa, ilhali maktaba hufurahi kitabu kinapochakaa kwa kushikwa. Anayelinda jengo la ukumbusho ana haki ya kufunga jioni, kutoza kiingilio na kukataza mtu asiegemee ukuta. Mtoto anayetaka pa kufanyia hesabu zake baada ya Isha anahitaji nyumba yenye amri nyingine kabisa.

Wako watakaosema msikiti. Jibu hili lina uzito mkubwa kuliko vijana wa siku hizi wanavyodhani, kwa sababu Lamu ilijua kutunza vitabu kabla ya kuwapo neno bajeti. Katika Msikiti wa Riyadha, uliotokana na kazi ya Habib Saleh, kuna miswada ya kale ambayo katika miaka ya karibuni ilipigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza. Mingi kati yake ina maandishi ya wakfu: fulani amekitoa kitabu hiki kwa ajili ya wanafunzi, kisiuzwe wala kisirithiwe. Kila nikiyafikiria maneno yale naukumbuka muhuri wangu wa buluu na naona haya kidogo. Wangu ulisema tu kitu hiki ni cha nani. Maandishi ya wakfu yalisema kitu hiki hakiwezi kufanywa nini.

Na wakfu haukuishia kwenye kitabu. Mtu wa pwani aliyetaka msikiti wake udumu aliweka wakfu pamoja nao duka, au nyumba ya kukodisha, au minazi kadhaa, ili kodi na nazi zinunue mafuta ya taa na mikeka na kumlipa anayefagia. Alijua kwamba jengo lisilo na pato lake ni gofu linalosubiri siku. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Kati ya 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509, nyingi zikiwa Marekani na Uingereza, lakini mji ulioomba ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka katika fedha za umma, kiasi cha asilimia 10 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya uendeshaji. Iko miji iliyoyakataa masharti hayo, na ilikuwa ni haki yao. Wahisani wetu sisi hawakututaka chochote. Tuliwasifu kwa ukarimu huo, nami naona sasa kwamba hapo ndipo walipotukosea.

Kwa nini basi nisiseme maktaba iwe wakfu, ikasimamiwa na msikiti, mambo yakaisha? Kwa sababu mji si waumini wa msikiti mmoja tu. Yuko muuguzi aliyeletwa na kazi kutoka Machakos, yuko mwanafunzi wa Hindi au Mpeketoni anayekwenda kanisani Jumapili, yuko binti anayetaka kusoma biolojia bila ya shangazi yake kupewa habari kabla hajafika nyumbani. Wote hao wana haki ya kuingia bila ya kuomba radhi kwa mtu. Mlango wa namna hiyo lazima uwe wa chombo ambacho wote wanakilipia na wote wanaweza kukipigia kura. Naipenda akili ya wakfu, na ningependa mji uiige katika fedha: itengwe rasilimali, hata kama ni vibanda vichache vya kukodisha gatini, na pato lake lisiguswe kwa jambo jingine. Umiliki, hata hivyo, uwe wa wote.

Sheria, kwa bahati, iko upande wangu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, katika orodha ileile yenye makumbusho, michezo, na (jambo linalomchekesha ami kila nikilisoma) kamari na leseni za vileo. Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na kusambaza matawi yake nchini, limekwisha kukabidhi mengi ya matawi hayo kwa serikali za kaunti. Kwa hivyo anayesema maktaba ni kazi ya Nairobi amechelewa. Iwe ni kaunti yenyewe au bodi ya manispaa, hilo kwangu ni la pili. Naegemea manispaa, kwa sababu ofisi yake iko karibu na mtu wa kawaida, na kwa sababu mkubwa aliye mbali husahau ukungu.

Nairobi yenyewe ina mfano wa kufunza pande zote mbili. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, ikajengwa na mjane kwa kumbukumbu ya mumewe, ikapewa sheria yake ya Bunge, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Halmashauri ya jiji ilipoichukua mwaka 1962, karibu na uhuru, mlango ukawa wa wote, na matawi yakapatikana Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya wafanyakazi. Miaka ikapita, fedha zikapungua, majengo yakachoka. Kisha Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wakaanzisha shirika la Book Bunk, wakakubaliana na kaunti, wakatafuta fedha na kuyakarabati yale matawi mawili. Ami husema mfano huu unathibitisha kwamba serikali haiwezi. Mimi nausoma kinyume. Wale wanawake wawili walipata kitu cha kukarabati kwa sababu umma ulikuwa bado unakimiliki: jengo halikuwa limeuzwa, wala mwenye nyumba hakuwa ametia kufuli, na palikuwa na ofisi ya kwenda kugongwa mlango. Maktaba yetu ya Langoni haikuwa na mwenyewe ambaye ingekarabatiwa kwa niaba yake.

Lipo jambo jingine ambalo hunikera zaidi ya mchwa. Muhamadi Kijumwa, mtu wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji wa mbao na mwandishi wa khati nzuri ajabu. Alinakili tenzi nyingi kwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu waliomwomba, na nakala zake leo ziko London, katika School of Oriental and African Studies, na nyingine ziko Ujerumani. Sisemi ziliibiwa. Kijumwa alilipwa, na kama wale hawakumlipa huenda baadhi ya tenzi hizo tungezijua kwa majina tu. Kilichokosekana ni mnunuzi wa hapa. Hapakuwa na nyumba ya mji yenye fungu dogo la fedha na mtu aliyeajiriwa kusema: tuandikie na sisi nakala moja, itakaa hapa. Mtafiti kijana wa Lamu anayetaka kuiona khati ya babu wa jirani yake huiangalia kwenye kioo cha simu, tena iwapo intaneti itamruhusu, akishukuru kwamba wenzetu walioko mbali wameipiga picha na kuiweka wazi. Nami hushukuru. Lakini nikishashukuru huuliza ni nani leo anayekusanya mashairi ya harusini, magazeti ya kaunti, picha za gati kabla ya bandari mpya, hotuba za wagombea. Mhisani hatakusanya hayo, kwa kuwa hajui kwamba yapo.

Kuhusu wanaosema simu imekwisha kuua maktaba, sitapoteza muda mwingi. Nenda ukamtazame mwanafunzi anayesoma kwenye simu ya mamake, katika chumba chenye watu saba na televisheni, akikatizwa kila mara mama anapopigiwa. Tatizo lake la kwanza ni meza.

Meza, basi, na taa, na kiti ambacho hakuna atakayekuhamisha. Nikiulizwa maktaba ya Lamu ihitaji nini, naanza na hapo, na nafuatisha hewa. Hapa petu bahari iko ukutani. Mawe ya matumbawe hunywa unyevunyevu wa kusi na kuutoa pole pole miezi yote, chokaa hubanduka, na kitabu kilichobanwa sana na wenziwe rafuni huota madoa ya kahawia mgongoni kabla ya mtu kukiazima. Tulijifunza hilo kwa kukosea. Tulizisukuma rafu mpaka ukutani ili tupate nafasi ya meza, na baada ya mvua za kwanza nilivuta ensaiklopidia moja, juzuu ya tatu, ikaja na ngozi ya ukuta. Tangu siku hiyo rafu zilikaa kiganja kimoja mbali na ukuta, na kila Ijumaa asubuhi tulivitoa vitabu vya chini tukavipunga hewa barazani kama watu wanaoanika papa. Hizi ni kazi za mtu aliyeajiriwa. Kijana wa kujitolea huzifanya mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa sita amepata kazi Mombasa, nasi wote wanne tulipata.

Ndiyo maana swali langu limekuwa likirudi kwa mkutubi. Watu wakifikiri maktaba hufikiri jengo, na wanasiasa hufikiri jengo zaidi, kwa sababu jengo lina jiwe la msingi na jiwe la msingi lina jina. Sijapata kuona jiwe la msingi la mshahara. Na bado mkutubi ndiye anayejua kwamba mvuvi fulani huja kuuliza habari za upepo, kwamba watoto wa darasa la nne wamekimaliza kile kitabu cha hadithi na wanataka kingine, kwamba mzee mmoja haoni tena na anasomewa gazeti na mjukuu. Ndiye atakayejua pia kwamba Lamu si kisiwa kimoja. Watoto wa Matondoni wanaweza kufika mjini kwa miguu au kwa punda, lakini wa Faza, Ndau na Kiunga wanahitaji chombo. Kaskazini mwa Kenya, huko Garissa, maktaba ya ngamia ilianza mwaka 1996 ikipeleka vitabu kwa wafugaji kwa njia waliyoizoea wenyewe, nami sioni kwa nini mashua isifanye hivyo kwetu. Norwe ilikuwa na meli ya namna hiyo, Epos, iliyojengwa mwaka 1963, ikipeleka maelfu ya vitabu katika vijiji vya pwani ya magharibi hadi 2020, ilipokoma kwa kukosa fedha. Nao ni Norwe! Nilimwambia ami habari hiyo pia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama chombo chenyewe kilikuwa cha mbao.

Yeye amelegeza msimamo, ingawa hatakubali ukimwambia. Siku hizi hasemi tena kwamba mji hauwezi. Anasema mji utaweza iwapo fedha za maktaba zitafungiwa sanduku lao, na iwapo kamati itakuwa na watu wa mtaani wenye haki ya kuona hesabu, pamoja na mwanamke mmoja asiyeogopa kuuliza. Mambo hayo mimi nayakubali yote matatu, na la mwisho naliona ndilo la kwanza. Tunachobishania bado ni kama mtumiaji atozwe chochote. Ami anasema shilingi 20 humfanya mtu aheshimu kitu. Mimi nimepiga hesabu ya mtoto anayekwenda siku 20 kwa mwezi, wakiwa ndugu watatu, nikaona heshima hiyo ni ghali.

Mwaka huu wananchi walipoitwa kutoa maoni ya bajeti nilikwenda. Walikuwapo watu wengi, na mengi yaliyosemwa yalihusu maji, gati na basari. Nilipopewa karatasi niliandika kwamba naomba manispaa iajiri mkutubi mmoja na kulipa kodi ya vyumba viwili, na nikaiwasilisha kwa kijana aliyekuwa akikusanya. Aliisoma mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitarajia, akaniuliza kwa upole kama ombi hili ni la maendeleo au la matumizi ya kawaida. Nilijua kwa nini anauliza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na maendeleo, katika lugha ya bajeti, ni saruji. "Ukiandika jengo," akaniambia, "litaingia kwenye maendeleo, na huko mambo huenda haraka. Mshahara unakwenda upande wa pili, na upande ule umejaa."

Nilisimama pale na kalamu mkononi, watu nyuma yangu wakisubiri zamu. Ilikuwa rahisi kufuta mstari mmoja na kuandika jengo. Nikamwomba karatasi nyingine iliyo safi, nikaandika upya kwa herufi kubwa, chini ya matumizi ya kawaida: mkutubi, mmoja.

Aliipokea, akaiweka juu ya zile nyingine, akaita anayefuata.